Moshi Usioonekana: Maneno kwa Wanakamati wa Parokia, Kate



Tumeombwa kusema machache juu ya utunzaji wa gari la huduma. Tumechagua jambo moja tu: ekzosi inayovuja. Tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe tulilizembea.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Ufipa mnaijua. Tulimchukua mama mjamzito hapa Kate kumpeleka hospitali, vioo vyote tukavifunga. Gari lilikuwa likinguruma vibaya kwa wiki tatu, nasi tulikuwa tukisema, "Ni kelele tu, fedha iende kwenye petroli." Njiani mama akalalamika kichwa na kichefuchefu. Tukadhani ni uchungu. Lakini mama mkwe wake aliyemsindikiza naye akashikwa na kizunguzungu. Ndipo dereva aliposimama na kufungua milango yote. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walitoka salama. Hata hivyo hatuwezi kujisifu kwamba tulikuwa waangalifu.

Gesi ile ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Ndiyo hiyo inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gari la dizeli huitoa kwa uchache kuliko la petroli, lakini moshi wake nao si salama. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Sasa, ndugu zetu, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, kutafuta tundu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, washeni gari nje, kamwe si ndani ya banda. Sikilizeni mlio wa "puf, puf", kisha zimeni. Angalieni masizi meusi kwenye maungio, na kutu iliyotoboa bomba au sailensa.

Pili, usalama. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni stendi imara, na mawe mbele na nyuma ya matairi. Bomba lipoe kabisa kabla ya kuguswa.

Tatu, matengenezo. Kama ni maungio, badilisheni gasketi na kukaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Nati yenye kutu itilieni mafuta ya kulegeza na iacheni usiku kucha, msije mkakata bolti. Kama ni tundu dogo kwenye bomba, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka gundi ya ekzosi inayostahimili moto, zungusha kipande cha bati na ukaze kwa klampu mbili. Hiyo ni dawa ya muda, ya kuwafikisha kwa fundi wa kuchomelea. Ufa ulio karibu na injini msiujaribu, kwa maana joto la pale litaiunguza gundi.

Nne, zibeni matundu ya sakafu na kagueni mpira wa mlango wa nyuma. Msiendeshe huku mlango huo uko wazi, maana moshi huvutwa ndani.

Abiria wawili wakiumwa kichwa pamoja, simameni, wote washuke wapate hewa, kisha wapelekwe kwa mganga kwa gari jingine.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: mmetupa gari, nasi tunawaomba mkubali katika bajeti mstari mdogo wa gasketi, klampu na gundi. Kwa kamati tunasema: dereva akiripoti kelele, andikeni tarehe daftarini, na gari lisibebe mgonjwa hadi litengenezwe.

Dk. Adrian Atiman alifika Karema, huko ziwani, mwaka 1889, akawatibu watu kwa zaidi ya nusu karne. Huduma hiyo ndiyo tuliyoirithi. Itakuwa aibu kwetu ikiwa gari la kumpeleka mgonjwa akapone ndilo litakalomdhuru njiani.