Kupenda na Kung'ang'ania

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, Tongoni



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya upendo. Nilipopewa mada hii nilidhani Mwenyekiti amemkusudia mtu mwingine, maana mimi ni mfanyabiashara, elimu yangu ni ya sekondari, na kazi ya kufafanua maandiko ina wenyewe. Baadaye nikaona kwamba huenda mwenye duka ana haki yake ya kulizungumza jambo hili. Sisi ndio tunaojua daftari la madeni ni kitu gani, na maradhi ninayotaka kuyataja leo ni yale ya kumfungulia daftari mtu unayempenda.

Katika Kigujarati tuna neno mamata. Asili yake ni neno la Kisanskriti mama, ambalo maana yake si mzazi wa kike, kama majirani zetu wanavyoweza kudhani, bali ni "wangu", "yangu", "changu". Mamata basi ni ile hali ya kusema "huyu ni wangu". Ajabu ni kwamba neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa mapenzi ya mama kwa mwanawe. Wahenga wetu waliweka katika neno moja sifa na tahadhari, wala hawakutupa kisu cha kuvitenganisha. Tunalo neno jingine, prem, yaani upendo usio na sharti, na katika mahubiri husemwa kana kwamba mtu huamka asubuhi akachagua moja, akaliacha la pili. Mimi sijamwona mtu wa namna hiyo. Hakuna ampendaye mtoto wa jumla. Kila mmoja humpenda huyu, mwenye kovu hili gotini, kwa sababu ni wake. Tunaanzia kwenye "wangu" sote. Swali ni tunaelekea wapi kutoka hapo.

Bhagavata Purana inasimulia habari za mfalme Bharata, ambaye kwa jina lake, yasema mapokeo hayo, nchi ya India huitwa Bharat. Aliacha kiti cha enzi, mke, watoto na hazina, akaenda kuishi peke yake kando ya mto Gandaki ili amwabudu Mungu. Siku moja paa jike mwenye mimba alikuja kunywa maji. Simba akanguruma, paa akaruka mto kwa hofu, mtoto akamtoka akaanguka majini, na mama akafa ng'ambo. Bharata akamwokoa yule mtoto wa paa. Akamlisha, akamlinda, akamlaza karibu naye. Kidogo kidogo sala zikapungua. Paa akichelewa kurudi kutoka malishoni, mfalme aliyeacha ufalme mzima bila kugeuka nyuma alikuwa akizunguka-zunguka kama aliyerukwa na akili. Alikufa akimfikiria paa, na akazaliwa tena akiwa paa.

Wako wanaoieleza hadithi hii kana kwamba kosa la Bharata lilikuwa kunyoosha mkono. Kwa heshima zote, nakataa. Mtu ambaye angeketi ukingoni akihesabu shanga za tasbihi yake huku kiumbe kinazama, sitamwita mtakatifu. Kosa liko mbele zaidi, na ni jembamba kama uzi. Tazameni hofu ya Bharata: ilianza kwa usalama wa paa, ikaishia kwa upweke wake mwenyewe. Mwanzoni aliuliza, "Atakuwa salama?" Mwishoni aliuliza, "Mimi nitakuwaje bila yeye?" Paa alikwisha kuwa mkubwa, alikuwa na haki ya kwenda kwa wenziwe porini, ila mlezi hakuwa tayari kuwa mtu ambaye hahitajiwi tena.

Hali kadhalika, wako wanaoruka upande wa pili, wakasema dawa ni kuukausha moyo. Mwaka 1930 Gandhi alichapisha tafsiri yake ya Bhagavad Gita kwa Kigujarati, akaipa jina Anasaktiyoga, yaani njia ya kutong'ang'ania. Ilitoka tarehe 12 Machi, siku ileile alipoanza matembezi ya kwenda Dandi kupinga kodi ya chumvi. Nalipenda jambo hili kuliko ufafanuzi mwingi. Mwenye kufundisha kutong'ang'ania hakwenda kujificha pangoni; alishika fimbo akatembea takriban kilomita 390 kwa ajili ya chumvi ya maskini.

Mahali tulipokutana leo panatusaidia kufikiri. Tongo, kwa Kiswahili cha zamani, ni mahame, mahali palipohamwa. Pale pwani mnaujua msikiti wa mawe na makaburi yanayozidi 40, mengi yakiwa na nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Waliyoyajenga makaburi hayo waliwapenda wafu wao kiasi cha kupachika humo bakuli zilizotoka ng'ambo ya bahari, hata Uchina. Bakuli zimekwenda, yamebaki matundu yake. Na katika maji ya Mtangata, kama pwani hii ilivyoitwa zamani, Wareno waliichoma moto meli yao wenyewe, São Rafael, Januari 1499, wakirudi kutoka India. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi mno, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Nahodha wake alikuwa Paulo da Gama, ndugu yake Vasco. Huwa nasikia watu wakiusifu uamuzi ule kuwa ni ujasiri wa kuacha. Hapana, ile ilikuwa hesabu. Kitu kinapotutoka kwa lazima, hatujakiacha sisi, kimetuacha chenyewe.

Tofauti hiyo wazee wetu waliijua baada ya sheria ya mwaka 1971, iliyoyatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sikusimama hapa kuihukumu sheria ile. Sababu zake zilielezwa wakati wake, na majeraha yake pia yanajulikana. Nilikuwa mtoto, na niliwaona wazee wawili wa mtaa wetu. Mmoja alitembea na funguo za nyumba mfukoni hadi kufa kwake, na hesabu ya kodi ambayo angeipata aliijua kwa moyo, mwezi kwa mwezi. Mwingine aliendelea kuketi jioni kwenye baraza ya nyumba ambayo haikuwa yake tena, akiwafundisha hesabu watoto wa wapangaji. Wote wawili walipoteza mali ileile. Yule wa pili sidhani kwamba hakuumia. Nadhani aliipenda baraza kuliko hati.

Nyumba, hata hivyo, ni somo rahisi. Somo gumu ni watoto. Tazameni viti hivi. Wengi wetu tuna mtoto Leicester, au London, au Toronto, na hekalu linalojaa siku ya maadhimisho huwa na watu wachache siku ya kawaida ya aarti. Binti yangu yuko Leicester. Mwaka jana alitupigia simu, mimi na mama yake, kutuambia kwamba ameamua kubaki huko moja kwa moja. Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari: ada za shule, nauli, usiku ule wa homa, vyote kwa mpangilio, kama bili. Nikamuuliza kama nyumba aliyoipata ina dirisha linaloingiza jua. Akacheka, akasema lipo moja. Msinisifu kwa hilo. Hata leo simu ikichelewa Jumapili, daftari lile hujifungua lenyewe, na kulifunga ni kazi ya kila juma. Pengine ndiyo ibada iliyobakia kwa watu wa umri wangu.

Nasema haya kwa sababu nasikia maneno yanayosemwa katika simu za nyumba zetu. "Baba yako presha imepanda tangu ulipoondoka." "Sisi tutakufa tu, usijali." Hizo ni kamba, ndugu zangu, hata zikipakwa asali. Mtoto atarudi kwa kamba hizo, akae, na kila siku atakuwa akitazama mlango. (Vijana mnaocheka huko nyuma, msiichukue hotuba hii kuwa ruhusa ya kutopiga simu.)

Mnaijua habari ya Yashoda. Krishna alipokuwa mdogo na mtundu wa kuiba siagi, mama yake mlezi alitaka kumfunga kwenye kinu. Kamba ikapungua vidole viwili. Akaunga nyingine, ikapungua vidole viwili vilevile. Akaunga kamba zote za nyumbani, bado vidole viwili. Mtoto alipomwona mama anatoka jasho na nywele zimemfumuka, akamhurumia, akakubali kufungwa. Aliyemfunga hakuwa kamba. Na miaka baadaye, gari la Akrura lilipokuja kumchukua kwenda Mathura, Krishna alikwenda, wala hakurudi tena kuishi Gokul. Yashoda alilia, maandiko hayafichi machozi yake, nasi tusione haya kwa yetu. Ila hatumkumbuki kama mwanamke aliyeachwa. Kila Janmashtami tunakitikisa kitanda kidogo cha mtoto, na mkono tunaouiga ni wake.

Majirani zetu mnalo jambo hili katika methali fupi kuliko hotuba yangu yote: tenda wema wende zako. Sisi tunaifahamu sana nusu ya kwanza. Nusu ya pili, "wende zako", ndiyo inayotushinda, na hapa nataka niliguse hekalu lenyewe. Tunapogawa chakula au kumsaidia mgonjwa wa jirani, aghalabu kuna kamera. Kuna ubao wa marumaru wenye majina ya wafadhili. Langu limo, kwa hiyo naweza kuutaja bila kuonekana nina wivu. Nimeiomba kamati kwamba vyakula vitakavyogawiwa katika maadhimisho haya visipigwe picha, na asiulizwe mtu ni wa dini gani wala wa nyumba ipi. Kamati imekubali, ingawa mweka hazina alitaka walau picha moja kwa ajili ya kitabu hiki. Hamtaiona.

Kuna mama mmoja mzee miongoni mwetu, sitamtaja, ambaye wanawe wote watatu wako ng'ambo. Nilimkuta siku moja akizungumza na mmoja wao. Alimuuliza amekula nini. Alisikiliza kwa muda mrefu habari za ofisi, ambazo sidhani alizielewa. Hakusema neno juu ya goti lake linalomsumbua. Kisha yeye ndiye aliyekata simu kwanza. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa Kigujarati kwamba mtoto asione taabu ya kutafuta njia ya kuaga, kisha akanituma dukani nikamletee sukari, maana mtoto wa jirani huja saa kumi kunywa chai naye.