Utafiti Usioelezwa Haujakamilika

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya watafiti vijana wanaojiandaa kuingia katika mashindano ya kueleza sayansi kwa umma.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mashindano mnayokusudia kuingia. Najua kwamba miongoni mwenu wamo wanaoona haya. Wanajiuliza kama ni jambo la heshima kwa mtu aliyekesha maabara miaka mitatu kupanda jukwaani na kupigiwa makofi. Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Mashindano ya namna hii si ya kale. Yale yaitwayo FameLab yalianzia Cheltenham, Uingereza, mwaka 2005. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mengine, ambamo mtafiti hueleza tasnifu yake kwa dakika tatu, akiwa na picha moja tu nyuma yake. Dakika hizo tatu zina asili yake. Jimbo la Queensland lilikuwa limekumbwa na ukame, na wananchi walihimizwa kupima muda wa kuoga. Wengine walitundika bafuni kisaa cha dakika tatu. Mkuu wa masomo ya uzamili wa chuo hicho akatambua kwamba maneno nayo yaweza kupimwa kama maji.

Lakini ndugu zangu, mfano wa ujasiri tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake hakusadiki. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alisimama mbele ya mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauliza sababu. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka; alirudi akapima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana juu ya jambo hilo. Kuuliza si ujinga, na kusema wazi mbele ya wanaocheka ni sehemu ya kazi ya mwanasayansi.

Sasa tutazame madhara ya kunyamaza. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo ulielezwa kitaalamu katika nchi yetu tangu miaka ya 1930. Ubaya wake ni kwamba shina na majani yaweza kuonekana yana nafuu, kumbe chini ya ardhi muhogo unaoza. Mkulima hugundua siku ya kuchimba, wakati watoto wanasubiri chakula. Tena, bila kujua, hukata pingili za shamba hilo hilo akampa jirani yake, na jirani naye akapanda ugonjwa. Mtaalamu anajua kwamba virusi huenezwa na inzi weupe na pingili zenye maradhi. Ameandika hayo kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mkulima hayaoni kamwe. Elimu ya namna hiyo inamfaa nani?

Basi kijana mwenye utafiti huo, akipewa dakika tatu, na aanze na muhogo mmoja uliopasuliwa katikati. Aseme kwa Kiswahili fasaha: ukiona hivi, usichukue pingili za shamba hili. Akieleweka na bibi aliyeketi nyuma kabisa, ameshinda, hata kama majaji watampa kombe mwingine.

Wapo watakaosema kwamba kurahisisha ni kuipotosha sayansi. Hatari hiyo ipo. Mtu anayetamani makofi huweza kuahidi dawa ambayo bado haijapatikana, na mkulima akimwamini atapata hasara. Kwa hiyo hapana budi kutofautisha kurahisisha na kutia chumvi. Mwenye kurahisisha huondoa maneno magumu, bali ukweli huuacha mahali pake, pamoja na mashaka yake. Kama jambo hujalithibitisha, sema hujalithibitisha. Wananchi hawatakudharau kwa hilo.

Aidha, msisubiri siku ya mashindano. Kajaribuni kwanza nyumbani, mbele ya wazazi na wadogo zenu. Pale watakapokunja uso, pana neno ambalo ninyi wenyewe hamjalielewa barabara. Wengi hugundua udhaifu wa utafiti wao wanapojaribu kumweleza mama.

Ndugu watafiti, masomo yenu yamegharimiwa kwa sehemu kubwa na jasho la watu ambao hawatasoma tasnifu zenu. Wanawadai maelezo. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nendeni mkashindane, na mkitoka jukwaani nendeni shambani mkayarudie maneno yale yale.