Simu ya Kuonana: Mawasiliano ya Viziwi Mjini Kahama

Mada kwa watoa huduma, Kata ya Nyasubi



Kiziwi akifika dirishani kwetu, wengi wetu tunamsogezea karatasi na kalamu tukiamini tumemaliza kazi. Kuandikiana kunasaidia. Ujumbe mfupi wa simu umemwezesha kiziwi kuita bodaboda au kuulizia bei ya mchele bila kumtuma mtu. Lakini kuandika kunataka Kiswahili cha darasani, na viziwi wengi hawakukipata. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata mwaka 1974. Kwa miaka mingi mzazi wa huku alitakiwa ampeleke mwanawe bweni la mbali, na wapo waliomwacha nyumbani na ishara za familia tu.

Hata kwa aliyesoma, Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, tofauti na ya Kiswahili. Akiandika "jana hospitali mimi kwenda dawa hakuna", tusimhesabu kuwa hana akili. Anatuandikia kwa lugha ya pili, na habari yake imekamilika.

Ndiyo maana simu ya video ina uzito kwao kuliko kwetu. Mtazame fundi cherehani kiziwi akipokea simu: mwanga unamulika, simu inatetemeka juu ya meza, anaiegemeza kwenye cherehani ili mikono yote miwili iwe huru, kisha anageukia mlangoni uso upate mwanga. Uso nao unasema. Nyusi zikipanda, sentensi inakuwa swali. Umeme ukikatika usiku, mazungumzo yamekwisha hata kama chaji ipo. Na video inakula bando. Sisi tunapiga kwa dakika za bei nafuu, yeye analipia kila ishara.

Pesa za simu zimempa uhuru mkubwa, kwa sababu menyu inasomeka na ujumbe wa uthibitisho unabaki. Shida huanza muamala ukienda namba isiyokusudiwa: mara nyingi msaada hutafutwa kwa kupiga na kuongea. Hapo humtafuta jirani amsemee, na jirani huyo hujua salio lake, pengine hata namba ya siri. Hili linaniumiza sana. Mtu mzima hapaswi kumfungulia mwingine mfuko wake ili ahudumiwe.

Sisi wa ukanda wa dhahabu tuna jambo jingine la karibu zaidi. Kelele zinazofikia desibeli 85 kwa zamu yenye urefu wa saa nane, siku baada ya siku, huharibu usikivu, na ulioharibika hivyo haurudi. Anayesimama kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, bila kinga ya masikio anaweza kupoteza usikivu akiwa bado kijana. Huyo hajui alama hata moja, ila Kiswahili anakisoma. Yeye ndiye wa kuandikiwa. Tumuulize kila mtu njia anayoitaka.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kupata habari na mawasiliano. Kwa Nyasubi naomba tuanze na zahanati na ofisi ya kata: kila moja iwe na simu moja ya video yenye bando, namba yake ibandikwe mlangoni, na mtumishi mmoja afundishwe alama na viziwi wenyewe, kwa malipo. Wakijitolea bure, tutakuwa tumewatwisha tena gharama ya huduma yetu.