Kumsaidia Ndugu Aachaye Pombe

Hotuba ya Mweka Hazina mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii niseme juu ya jambo tulijualo majumbani mwetu, lakini ni wachache walitajao hadharani. Nalo ni kazi ya kumsaidia ndugu aliyekubali kuacha ulevi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mdogo wangu alipoahidi mbele ya wazee ya kwamba hataonja tena pombe, tulichinja mbuzi, tukadhani yamekwisha. Mwezi wa pili alirudi akiyumbayumba. Nilimfukuza mlangoni, nikasema ametudanganya. Sasa nafahamu ya kuwa hakutudanganya. Aliahidi kwa moyo wote, ila sisi tulitaka ahadi ya siku moja ifanye kazi ya miaka.

Kwanza, tuujue mwili. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafula, aweza kushikwa na tetemeko, kifafa na kuweweseka katika siku 2 au 3 za mwanzo, hata kufa. Basi tusimfungie chumbani kwa kumtia adabu, bali tumpeleke kwa daktari. Hata baadaye, kwa majuma mengi, usingizi wake huenda ukawa haba na hasira zake karibu. Tusidhani kwamba ni kiburi.

Pili, tusishangae akianguka. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, William Wilson na daktari Robert Smith walianzisha chama cha walevi wasaidianao kuacha pombe, ambacho leo kina mikutano katika nchi nyingi, hata hapa Kenya. Majuma machache baada ya kukutana na mwenziwe, daktari huyo alisafiri akalewa tena. Hakutupwa. Alianza upya mwezi Juni mwaka ule ule, wala hakunywa tena hata alipofariki mwaka 1950.

Tatu, msaada una mipaka. Kumlipia deni la kilabuni, au kumwambia mwajiri wake ya kuwa ana homa, ni kumnunulia pombe kwa mkono mwingine. Fedha ya matibabu na ilipwe hospitalini, isipitie mfukoni mwake. Tena mkewe na watoto tusiwasahau, maana wamechoka. Na kama kuna kupigwa nyumbani, usalama wao ndio utangulie.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri mambo mawili. Mwanachama aanzaye kuacha pombe atembelewe na watu 2 kila Jumamosi, na hasa Jumamosi ya mshahara, kwa mwaka mzima, awe ameanguka au hakuanguka. Na katika karamu zetu aalikwazo, tuandae chai na soda tu.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nami naongeza ya kwamba hata kuanguka si kufa. Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu, nikamwomba radhi. Leo ametimiza miezi 14. Sisemi amepona, wala yeye hasemi hivyo. Kila jioni twahesabu siku moja, nayo yatutosha.