Kuomba Msaada wa Kompyuta ya Linux kwa Wenzako

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Ndugu kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: maunzi, programu, kiendeshi, amri. Nitayaeleza moja moja. Mwisho wa somo tutayasoma tena pamoja.

Leo twaongea juu ya kompyuta inayotumia Linux, na jinsi ya kupata msaada inapoharibika. Jambo hili ni la maana sana. Kikundi kikiwa na kompyuta moja, na ndani yake mna hesabu za akiba za wanachama wote, basi kompyuta ikikwama, kazi ya watu wengi imekwama. Wapo wanaoitupa pembeni na kusema imekufa. Wengine humlipa fundi fedha nyingi kwa kazi ya dakika kumi. Mara nyingi, lililokosekana ni swali moja lililoulizwa vizuri.

MAUNZI NA PROGRAMU

Tuanze na maneno mawili ya kwanza. Maunzi ni vile vitu vya kompyuta unavyoweza kuvishika kwa mkono: kioo, kibodi, kipanya, diski, waya, betri, printa. Programu ni maagizo yaliyomo ndani, yanayoviambia vitu hivyo la kufanya. Programu huwezi kuishika. Fikirini redio hii mnayoisikiliza. Sanduku lake na spika yake ni maunzi. Maneno yangu mnayoyasikia hayashikiki, lakini bila hayo sanduku lipo bure.

Linux ni programu kubwa inayosimamia kompyuta nzima. Yenyewe huamsha kioo, husoma diski, huipa kila programu nyingine nafasi yake ya kufanya kazi.

Neno la tatu ni kiendeshi. Hiki ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Linux na chombo kimoja. Printa ina kiendeshi chake, na chombo cha waifai kina chake. Mkalimani asipokuwapo, chombo ni kizima na Linux ni nzima, lakini hawaelewani. Shikeni sana jambo hili, maana shida nyingi za Linux zatoka hapa.

LINUX IMETOKA WAPI

Sasa mtauliza: mwenye Linux ni nani, ili tumwendee? Sikilizeni habari yake.

Karibu na mwaka 1980, huko Marekani, alikuwako mtaalamu jina lake Richard Stallman, akifanya kazi katika chuo cha MIT. Printa yao mpya ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Printa ya zamani walikuwa wameirekebisha programu yake, ikikwama huwaarifu watu. Stallman alitaka kufanya vivyo hivyo kwa ile mpya. Akamwendea mtu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya programu ile, akamwomba. Mtu yule akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu. Jambo hilo lilimchoma Stallman. Mwaka 1983 akatangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kumpa jirani. Kazi hiyo aliiita GNU.

Kisha, mwaka 1991, huko Finland, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, mwenye miaka 21, alikuwa akitengeneza kiini cha programu ya kusimamia kompyuta. Tarehe 25 Agosti aliwaandikia wenzake kwa njia ya kompyuta, akawaeleza kazi yake na kuwauliza wangependa iwe na nini. Watu wakajibu, wengine wakaleta marekebisho. Mwaka 1992 kiini hicho kilitolewa kwa masharti yaleyale ya GNU. Hivyo ndivyo Linux ilivyokua. Tangu mwanzo ilijengwa kwa kuulizana na kusaidiana.

Basi, jibu la swali lenu ni hili: Linux haina mwenye mmoja. Yako makampuni yanayouza msaada kwa ofisi kubwa, lakini mtu wa kawaida hupata msaada kwa watumiaji wenzake. Wengine wako mjini kwenu, wengine wako nchi za mbali na hufikiwa kwa intaneti. Wengi wao hawalipwi. Ni kama msaragambo: leo twalima kwako, kesho kwangu.

Msaada huu umezidi kuhitajiwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, ingawa vyuma vyake bado vizima. Nyingi zaweza kufanya kazi tena kwa Linux. Linux Mint, kwa mfano, yahitaji kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ni bora.

KABLA YA KUULIZA

Msaidizi ni kama daktari aliye mbali. Haioni kompyuta yako. Anaona maneno yako tu. Kwa hiyo fanya mambo manne kwanza.

La kwanza: nakili faili zako. Hesabu, barua, picha, zote zinakiliwe katika flashi au diski nyingine. Fanya hivyo kabla hujagusa kitu. Ikiwa diski inalia ko-ko-ko, usifanye jambo jingine lolote ila kunakili, maana huenda haitaamka tena kesho.

La pili: tazama vitu vyepesi. Waya umeingia vizuri? Printa imewashwa? Kitufe cha waifai hakijazimwa? Zima kompyuta, iwashe tena. Mtu asicheke jambo hili. Shida nyingi huishia hapa.

La tatu: jaribu kujua ugonjwa uko katika maunzi au katika programu. Kioo kikiwa na mistari tangu sekunde ya kwanza, kabla Linux haijaamka, yaelekea ni maunzi. Tena, Linux nyingi zaweza kuamshwa kutoka katika flashi bila kugusa diski. Kipanya kikifanya kazi vizuri chini ya Linux ya flashi, lakini hakifanyi kazi chini ya Linux ya diski, basi kipanya ni kizima. Shida iko katika programu. Kwa jaribio hilo moja umeokoa bei ya kipanya kipya.

La nne: andika maneno ya kosa kama yalivyo. Usiandike "imeleta maneno fulani ya Kiingereza." Nakili herufi kwa herufi, hata kama huyaelewi. Msaidizi atayaelewa.

Sasa neno la nne, amri. Amri ni neno unaloliandika ili kompyuta itende jambo. Ukiandika lspci, Linux hukuorodheshea vyombo vilivyomo ndani ya kompyuta. Ukiandika lsusb, huorodhesha vilivyochomekwa kwa USB. Katika Linux Mint, amri inxi -Fxz hutoa habari za kompyuta nzima, nayo ile herufi z huficha namba zako za siri, ili uweze kumpa mgeni habari hizo bila hofu.

BARUA MBILI

Sikilizeni barua hizi mbili. Tuseme zatoka kwa vikundi viwili vyenye shida moja. Ya kwanza:

"Jamani tusaidieni haraka sana! Kompyuta haifanyi kazi. Linux hii mbaya. Tumejaribu kila kitu."

Ndugu wasikilizaji, je, mngekuwa nyinyi ndio wasaidizi, mngejibu nini? Kompyuta gani? Haifanyi kazi gani? "Kila kitu" ni nini? Barua hii yaomba msaada, lakini haina mahali pa kuishika. Tena inatukana kazi ya watu waliojitolea. Sikilizeni ya pili:

"Ndugu zetu, habari za kazi. Tunaomba msaada. Kompyuta yetu ni ya kukunja, aina ya HP, ina kumbukumbu ya GB 4. Juzi tumeweka Linux Mint 22. Tangu hapo haioni waifai yoyote. Simu zetu zinaiona waifai ya ofisi bila shida. Tukichomeka waya wa mtandao, intaneti inapatikana. Tumezima na kuwasha, na kitufe cha waifai kiko wazi. Amri ya lspci inaonyesha chombo cha waifai ni Broadcom BCM43142. Tufanye nini? Tunashukuru."

Hesabuni yaliyomo: kompyuta ni ipi, Linux ni ipi, shida ni ipi, imeanza lini, na wamekwisha jaribu nini. Mambo matano. Msaidizi akiliona jina la Broadcom, hujua mara moja kwamba chombo hicho huhitaji kiendeshi chake, nacho hakiwekwi chenyewe tangu mwanzo. Atajibu hivi: "Ndugu, acheni waya wa mtandao umechomekwa. Fungueni programu ya kusimamia viendeshi. Chagueni kiendeshi cha Broadcom kinachopendekezwa. Kikimaliza kuwekwa, zimeni na kuwasha." Na kama hakuna waya wa mtandao, atawaambia wachomeke ile flashi waliyowekea Linux, kwa kuwa programu hiyo yaweza kukitafuta kiendeshi humo.

Mwaona? Hakuna aliyenunua kitu. Kikundi cha kwanza nacho kina shida iyo hiyo, lakini bado kinangoja.

Ukirudishiwa swali badala ya jibu, usikasirike. Daktari naye huuliza. Jibu lile aliloulizwa, na ufanye jambo moja kwa wakati mmoja. Ukifanya matano pamoja, hutajua lililoponya wala lililoharibu.

TAHADHARI

Wengi wanaosaidia ni watu wema. Hata hivyo, si kila aliye njiani ni msafiri mwenzako. Shikeni mambo haya matatu.

Usiandike amri usiyoijua. Amri ya rm hufuta faili, nayo haizipeleki katika pipa la takataka. Zimekwenda moja kwa moja. Amri ya dd ikielekezwa vibaya yaweza kuifuta diski nzima. Neno sudo likitangulia amri, kompyuta huitii kama amri ya mwenye nyumba, haina kizuizi. Ukiletewa amri, mwombe aliyeileta akueleze kila neno. Au andika man, kisha jina la amri, nawe utapewa maelezo yake. Msaidizi wa kweli hachukii kuulizwa.

Usimpe mtu neno lako la siri, hata akisema ni fundi. Kazi ya kueleza kiendeshi haihitaji neno lako la siri.

Usiruhusu mtu usiyemjua aiongoze kompyuta yako kutoka mbali, hasa kompyuta yenye hesabu za watu.

KURUDISHA FADHILA

Shida ikiisha, rudi ukaseme: "Imepona, na dawa ilikuwa hii." Usinyamaze. Kesho mwingine mwenye chombo kama chako atasoma maneno yako, apone bila kuuliza. Jibu moja huweza kutibu kompyuta mia.

Wala usidhani huna la kuwapa wenzako. Si lazima uwe mtaalamu. Mtu aliyeweza kuwasha printa jana aweza kumwonyesha jirani leo. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye maneno ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu maandishi ya programu ile yalikuwa wazi kwa kila mtu. Kazi ya kutafuta neno la Kiswahili linaloeleweka haimtaki fundi wa kompyuta peke yake. Yamtaka ajuaye lugha, nanyi lugha mnayo.

Huko Uholanzi, mwezi Oktoba 2009, mama mmoja aitwaye Martine Postma alianzisha mjini Amsterdam siku ya watu kukutana na kutengeneza vitu vilivyoharibika, wenye ujuzi wakikaa na wasio nao meza moja. Mtindo huo umeenea nchi nyingi, na siku hizi baadhi ya mikutano hiyo huwasaidia watu kuweka Linux katika kompyuta zao za zamani. Darasa kama lenu laweza kufanya vivyo hivyo mara moja kwa mwezi. Mnahitaji meza, umeme, flashi moja yenye Linux, na daftari la kuandikia kila shida na dawa yake. Daftari hilo ndilo hazina. Baada ya mwaka, litajibu maswali mengi kuliko fundi mmoja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kompyuta ni hivyo hivyo.

MASWALI YA DARASA

Sasa kiongozi wa darasa asome maswali haya, na kila mtu ajibu katika daftari lake.

1. Taja maunzi matatu na programu moja.
2. Kiendeshi hufanya kazi gani?
3. Kwa nini tunakili faili kabla ya kutengeneza kompyuta?
4. Barua nzuri ya kuomba msaada ina mambo gani matano?
5. Mtu usiyemjua amekuletea amri inayoanza na sudo. Utafanya nini?

Kazi ya nyumbani: tuseme printa ya darasa imekataa kuchapa tangu jana. Watu wawili wawili, andikeni barua ya kuomba msaada, isizidi mistari kumi. Kisha badilishaneni barua. Atakayesoma aulize: "Nikiwa mbali, naweza kumsaidia mtu huyu?" Kama hawezi, amwambie mwenzake kilichopungua, barua iandikwe tena.

Haya, tusome pamoja maneno yetu ubaoni: maunzi, programu, kiendeshi, amri. Vizuri. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na masomo mema.