Michezo Ni ya Nani? Mazungumzo Mbele ya Jumuiya Yetu



Nilipoombwa nizungumze juu ya michezo na jamii, kaka mmoja alinicheka akasema, "Nesi atatwambia nini kuhusu mpira?" Kaka yangu huyo yupo hapa leo na simtaji. Jawabu yangu ni kwamba mimi nimesoma elimu ya jamii kidogo chuoni, na kazini nawaona watu ambao michezo imewapita mbali.

Wataalamu wa elimu ya jamii hawakubaliani juu ya kazi ya michezo. Wapo wanaofuata fikra za Mfaransa Émile Durkheim, aliyeeleza kwamba watu wanapokusanyika kwa ibada au sherehe moja hujihisi kitu kimoja. Wafuasi wake wanauangalia uwanja wa mpira kwa jicho hilo hilo. Sisi tumeyaona haya wenyewe. Disemba 2017 Zanzibar Heroes walifika fainali ya Kombe la Chalenji kule Kenya, wakafungwa na wenyeji kwa penalti. Katika nyumba niliyokuwamo siku ile, watu wawili waliokuwa hawaamkiani tangu uchaguzi walilia bega kwa bega.

Wafuasi wa Karl Marx wanasema la, michezo humpumbaza mnyonge na kumtajirisha mwenye mali. Nao wana hoja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na vijana wa Dar es Salaam, klabu ya wanachama. Leo wengi wetu tunalipia televisheni kila mwezi, tunanunua jezi mpya kila msimu, na kijana kule nyumbani anamalizia senti yake ya mwisho kwenye kubeti matokeo ya timu za Uingereza ambazo hatozitia machoni maisha yake yote.

Halafu wako Norbert Elias na Eric Dunning, waliosomesha Chuo Kikuu cha Leicester, na mwaka 1986 wakatoa kitabu juu ya jambo hili. Wao wanasema maisha ya kisasa yanatufunza kuzuia hasira na furaha zetu, na michezo inatupa pahala pa kuzitoa bila ya kuumizana sana. Mzee wangu mpole anayemtukana refa ndani ya televisheni bila shaka anawaelewa vizuri.

Yote haya yana ukweli. Lakini kwa muda mrefu nadharia hizi zilizungumza zaidi juu ya wanaume, mpaka wakaja wanazuoni wa kike wakauliza suali jengine: nani amewekwa nje ya uwanja? Suali hilo ndilo lililonileta hapa.

Mimi nimekulia Unguja. Tulicheza rede mpaka jua linazama, wasichana na vumbi letu. Siku moja nikaambiwa, "Umeshakuwa mkubwa, kaa ndani." Kaka zangu waliendelea kwenda uwanjani. Sikumlaumu mtu na leo silaumu. Lakini mama zetu kule walitembea, walitwanga, walichota maji. Hapa Uingereza tuna basi, lifti, baridi, zamu za usiku na sahani ya biriani. Sisi wenye asili ya Afrika na Asia tuna hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari kuliko Wazungu, na kinatushika tukiwa na umri mdogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atikise mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Niambieni, mama zetu wazipatie wapi dakika hizo?

Jumuiya yetu inakodi ukumbi kila Jumapili kwa ajili ya mpira wa vijana wa kiume. Naliunga mkono jambo hilo, limewaweka wengi mbali na mitaa. Lakini sehemu kubwa ya pesa za ukumbi inatokana na sambusa na maandazi tunayouza sisi wanawake. Mwaka jana tuliomba saa moja tu, mapazia yamefungwa, mwalimu mwanamke. Tukajibiwa kuwa si mila yetu.

Ndugu zangu, hata Waingereza waliwahi kusema maneno hayo. Tarehe 26 Disemba 1920 watu wapatao 53,000 waliingia uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuangalia wanawake wakicheza mpira. Mwaka uliofuata chama cha mpira cha England kikawapiga marufuku wanawake kwenye viwanja vya klabu zake, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50. Tarehe 31 Julai 2022 watu 87,192 walikuwa Wembley wakati wanawake wa England wanachukua kombe la Ulaya.

Na anayeogopa kwamba dini itavunjwa, akumbuke kuwa FIFA imeruhusu hijabu uwanjani tangu 2014, na kwenye Kombe la Dunia la 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza nayo. Hata kwetu Zanzibar wanawake wamecheza, na filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007 inawaonyesha. Sisi hatukuomba kombe. Tumeomba saa moja.

Najua atakayesema kuwa haya ni mambo ya afya, si ya siasa. Kugawa pesa za wote ni siasa. Tunakaa hapa kila mwezi tukidai haki na usawa kule nyumbani, basi tuanze na ratiba ya ukumbi wetu. Naomba mkutano mkuu ujao upige kura: katika saa tano za Jumapili, mbili ziwe za wanawake na wasichana, na nusu saa nyengine wapewe wazee wetu wanaume, ambao nao wamekaa kwenye viti wakiangalia tu.

Na ndugu walioko nyumbani watakaoyasoma haya, nawaomba wapite kwenye uwanja wa mtaa wao saa 11 jioni, wahesabu wasichana wangapi wanacheza.