Mpango wa Matibabu Uwe wa Kufuatika

(Hotuba kwa wanachama)



Tumeombwa tuwaeleze kazi yetu sisi tunaowatibu kwa mazungumzo watu waliolemewa na mawazo. Hatuwezi kusema yote leo. Tutasema juu ya ile karatasi iitwayo mpango wa matibabu, maana wengi hutibiwa bila kuiona.

Tuchukue askari wa usiku alindaye godauni. Mchana hapati usingizi, chakula hakimpiti, nyumbani ni ugomvi. Akienda kutibiwa aandikiwe, "Apunguze mawazo, alale mapema usiku," huo ni mzaha. Usiku ndio kazi yake! Mwandishi hakumwuliza hata zamu.

Mpango ufaao huanza na maneno ya mgonjwa mwenyewe, kama vile, "Nataka kukaa na watoto wangu bila kuwafokea." Halafu twapima. Iko fomu ya maswali 9, iitwayo PHQ-9, juu ya majuma mawili yaliyopita. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 27. Akipata 16 leo, twaandika 16 na tarehe ya kupima tena. Swali la mwisho lahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akikubali kuwa anayo, mengine yote hungoja. Kwanza twaandika ni nani atakayeitwa usiku huohuo, na ni nani atakayeiondoa nyumbani dawa ya kuua wadudu.

Kisha hatua ndogo. Kule Harare, Zimbabwe, akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Mgonjwa huchagua taabu moja na jambo moja awezalo kulifanya. Uchunguzi wa watu 573 ulitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliokuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni walikuwa kama 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo, 50. Na nyanya wale si madaktari.

Kwa askari wetu, hatua yaweza kuwa pazia zito dirishani, alale saa tatu asubuhi mpaka saa nane, siku nne kwa juma, watoto wakicheza kwa jirani. Hilo laweza kuhesabiwa.

Tarehe ya kurudi isigongane na zamu, na hapo chama chaweza kusaidia. Lakini tajiri hana ruhusa ya kuisoma karatasi hiyo bila mgonjwa kukubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mwakilishi wa chama akimwombea mtu ruhusa, aombe siku na saa tu. Ugonjwa asiutaje.